Malak, May au Durriya: uanze na nani?

Anayetaka kujua wanawake wa Kiarabu walijieleza vipi kwa maandishi, mara nyingi huonyeshwa riwaya. Riwaya zina nafasi yake, lakini zilikuta kazi imeshaanza magazetini. Ushairi wa wanawake wa Kiarabu ni wa kale sana. Kilichokuwa kipya mwishoni mwa karne ya 19 ni mwanamke kuandika makala, ikachapwa, kisha akajibiwa hadharani na msomaji asiyemjua, pengine kwa ukali. Hapo suala la mimi ni nani, na nasema kwa niaba ya nani, halikukwepeka tena, maana kila makala ilidai jina chini yake.

Nimewachagua watatu walioandikia Cairo: Malak Hifni Nasif, May Ziyada na Durriya Shafiq. Niseme mapema kwamba mimi nampa Malak nafasi ya kwanza, na sababu nitazieleza. Lakini haja za wasomaji hazifanani, na wapo ambao ningewaambia waanze na May bila kusita.

Huda Sha'arawi, kiongozi wa harakati za wanawake wa Misri, nimemwacha nje kwa makusudi. Jarida lake la mwaka 1925, L'Égyptienne, lilikuwa la Kifaransa na mhariri wake alikuwa Saiza Nabarawi. Huda mwenyewe tunamkumbuka zaidi kwa uongozi kuliko kwa makala. Fatima al-Yusuf, mwigizaji wa jukwaani aliyelipa gazeti lake jina lake la jukwaani, Ruz al-Yusuf, mwaka huohuo wa 1925, anastahili kuandikwa peke yake.

Uwanja walioukuta

Novemba 1892, Hind Nawfal, binti wa familia ya Kikristo yenye asili ya Tripoli ya Sham, alitoa toleo la kwanza la al-Fatat mjini Alexandria. Ndilo jarida la kwanza la Kiarabu lililoanzishwa na mwanamke kwa ajili ya wanawake. Katika toleo hilo aliwasihi wenzake wasidhani kwamba kuandika gazetini kunamvunjia mwanamke staha yake. Kama ilimbidi aanze na maneno hayo, basi tunajua hofu ilikuwa imekaa wapi. Jarida lilifika 1894, Hind akaolewa, na likafungwa.

Mwaka huohuo wa 1892 kulitokea mabishano ambayo ningependa kila mwanafunzi wa uandishi wa habari ayasome. Hana Kurani aliandika katika gazeti la Lubnan kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani na mambo ya siasa hayamhusu. Aliyemjibu alikuwa mwanamke mwenzake, Zaynab Fawwaz, mzaliwa wa Tibnin kusini mwa Lebanon, kupitia gazeti la al-Nil la Misri. Alisema hajaona sheria yoyote ya Mungu inayomkataza mwanamke kushika kazi za wanaume. Tangu mwanzo kabisa, basi, hapakuwa na sauti moja ya mwanamke wa Kiarabu. Walikuwapo wanawake waliopingana mbele ya wasomaji, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye anayemjua mwanamke ni nani. Ukisahau hilo utawasoma hawa watatu vibaya.

Jina chini ya makala

Malak alizaliwa Cairo mwaka 1886. Baba yake, Hifni Nasif, alikuwa mwanasheria na mtaalamu wa lugha. Binti alisoma katika shule ya Saniyya akahitimu ualimu, akarudi kufundisha hukohuko. Kisha akaolewa na Abd al-Sattar al-Basil, kiongozi wa Kibedui, akahamia Fayyum ukingoni mwa jangwa. Huko ndiko alikokuta kwamba mumewe ana mke mwingine na mtoto. Na kutoka huko alianza kupeleka makala kwenye al-Jarida, gazeti la chama cha Umma lililohaririwa na Ahmad Lutfi al-Sayyid, akitumia jina la Bahithat al-Badiya, Mtafiti wa Jangwani.

Wengi husema lakabu ni pazia. Kwake naona ilifanya kazi nyingine. Hakujiita mke wa fulani wala binti wa fulani, ingawa majina yote mawili yangempa heshima kubwa Misri ya wakati ule. Alijitambulisha kwa kazi anayoifanya na mahali anapoifanyia: anachunguza, na yuko mbali na mji mkuu. Makala zake zilipokusanywa kuwa kitabu mwaka 1910, lakabu hiyo ilikuwa na uzito kuliko jina lake la kuzaliwa.

May alikuwa na majina mengi. Alizaliwa Nazareti mwaka 1886, baba Mlebanoni na mama Mpalestina, akabatizwa Mari. Alisoma kwa masista huko Aintoura, Lebanon, kisha akahamia Cairo na wazazi wake akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Kifaransa ya mwaka 1911, alikitia jina la Isis Copia: mgeni aliyewasili karibuni anavaa jina la mungu wa kike wa Misri ya kale. Baadaye alitumia pia A'ida, na hata jina la kiume, Khalid Ra'fat. May lenyewe ni jina alilojichagulia. Ukimsoma utaona kwamba majina haya hayatokani na woga. Alikuwa akijaribu namna mbalimbali za kuwa mtu katika nchi isiyo yake.

Durriya, aliyezaliwa Tanta mwaka 1908, alisimama na jina lake mwenyewe na udaktari wake wa Sorbonne alioupata mwaka 1940. Hapo kulikuwa kumepita kizazi kizima, na suala la kuficha jina halikuwa na maana tena kwa mwanamke wa tabaka lake.

"Sisi" ni akina nani

Hapa ndipo tofauti zao ni kubwa, na hapa ndipo ningependa msomaji akae.

Malak anapoandika "sisi", ana maana ya wanawake wa Misri walioko majumbani mwao, wenye elimu kidogo au wasio nayo, wanaojadiliwa na wanaume juu ya vichwa vyao. Tangu Qasim Amin alipotoa kitabu chake cha ukombozi wa mwanamke mwaka 1899, magazeti ya Cairo yalijaa wanaume wakibishana kama mwanamke afunue uso au aendelee kuufunika. Malak aliingia katikati yao na kukataa pande zote mbili. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: mwanamume akituamuru tujifunike tunajifunika, akitutaka tujifunue tunajifunua, akitaka tusome tunasoma, je, katika yote hayo amewahi kutuuliza sisi? Aliyekuwa dhalimu alipotufunga asiwe dhalimu tena anapotufungua. Yeye mwenyewe hakuunga mkono kufunua uso ghafla, kwa sababu aliona barabara zimejaa wanaume wasio na adabu na wasichana ambao bado hawajapewa elimu ya kujitegemea. Elimu kwanza, alisema, halafu mwanamke aamue.

Msomaji wa leo anaweza kumwona mhafidhina. Nadhani tukimwita hivyo tunamkosea. Mtu anayedai kwamba uamuzi ni wa mwenye mwili na mwenye maisha amesema jambo zito kuliko yule anayehimiza vazi hili au lile.

Katika hotuba aliyoitoa kwenye klabu ya chama cha Umma mwaka 1909 aliligeukia lalamiko kwamba wanawake wakisoma watawanyang'anya wanaume kazi. Aliuliza nani aliyemnyang'anya mwenzake. Zamani mwanamke alisokota uzi na kufuma nguo. Wanaume wakaunda mashine za kusokota na kufuma. Alishona kwa sindano. Ikaja cherehani, na wanaume wakawa mafundi nguo. Alisaga ngano na kukanda unga. Zikaja tanuri za mikate zinazoajiri wanaume. Maji yalichotwa na wanawake, yakaja mabomba. Sasa mwanamke aliyebaki hana kazi mikononi akae tu, au atafute nyingine? Hakuwa akiwahimiza wanawake waache nyumba na watoto wakawe mahakimu au wakaendeshe treni, lakini anayetaka kufanya hivyo, alisema, uhuru wake usiguswe. Na kwa wale waliodai kwamba mwanamke hajawahi kugundua kitu alijibu kwamba angepandishwa merikebu moja na Christopher Columbus, asingeshindwa kuiona Amerika.

Nimeieleza hotuba hii kwa kirefu kwa sababu inaonyesha kinachomfanya awe mwandishi wa gazeti hasa. Anachukua neno la mpinzani, analigeuza, anatoa mifano ya jikoni na ya mtaani ambayo kila msikilizaji anaijua, kisha anadai haki. Anajieleza kwa njia ya kubishana.

Makala yake kuhusu mke mwenza ni ya namna nyingine. Anakiri kwamba kalamu inakaribia kugoma kuliandika neno lenyewe. Hasemi kwamba yeye mwenyewe yumo katika hali hiyo. Anaandika kwa ujumla, juu ya nyumba alizoingia na wanawake aliozungumza nao huko jangwani, mke wa zamani anayenyauka na mke mpya asiye na raha. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Malak anatumia "sisi" kulibeba jambo ambalo "mimi" isingeweza kulisema bila kumdhalilisha mumewe na yeye mwenyewe mbele ya Misri nzima. Naona hapo ndipo ustadi wake ulipo juu kuliko mahali pengine popote.

May ni kinyume. Yeye hana "sisi" iliyo tayari. Katika makala yake moja mashuhuri anajiuliza nchi yake ni ipi: amezaliwa nchi hii, baba ni wa nchi ile, mama wa nyingine, anaishi nyingine tena, na nafsi yake inatangatanga kati ya zote, ya kwake ni ipi, na aitetee ipi? Kwa Wamisri ni Mshami. Kwa Washami ni mwanamke wa Cairo. Ni Mkristo anayeandika Kiarabu fasaha kwa wasomaji ambao wengi wao ni Waislamu, na lugha aliyoanzia kuchapisha ni Kifaransa. Halipatii swali lake jibu, wala hajilazimishi. Kwa mtu aliyezaliwa Muscat kwa wazazi waliotoka Unguja, au anayelea watoto Toronto huku mamake yuko Lubumbashi, kurasa hizo hazihitaji maelezo ya historia. Zinasomeka kama zimeandikwa juzi.

Durriya anarudi kwenye "sisi", lakini ni "sisi" ya raia mbele ya serikali. Mwanamke wake ana kadi ya kupigia kura, au ananyimwa. Mwaka 1945 alianza kwa kuhariri jarida la Kifaransa la binti mfalme Shivakar, na lawama zikamwangukia kwamba ni mtu wa ikulu na wa utamaduni wa Ulaya. Mwaka huohuo akaanzisha Bint al-Nil kwa Kiarabu. Lawama ya ugeni haikumwacha hata hivyo, na makala zake nyingi zinaonyesha mtu anayelazimika kuthibitisha Umisri wake na Uislamu wake kila mara kabla ya kufika kwenye hoja. Inachosha kusoma, na nadhani ilimchosha zaidi yeye.

Gazeti la nani

Malak alikuwa mgeni katika gazeti la wanaume. Hilo lilimbana, lakini pia lilimnoa, kwa sababu aliyemsoma kwanza alikuwa mwanamume asiyekubaliana naye. May aliingia kupitia al-Mahrusa, gazeti lililokuwa chini ya baba yake, kisha al-Ahram, al-Hilal na al-Muqtataf. Juu ya hayo alikuwa na baraza lake la kila Jumanne nyumbani kwake, ambako walikuja akina Taha Hussein, Abbas al-Aqqad, Khalil Mutran na Lutfi al-Sayyid. Kwa hiyo makala zake zina sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na wajuzi. Ni za kupendeza, na mara nyingine zina mapambo mengi kuliko yanavyohitajika.

Durriya alimiliki. Bint al-Nil lilikuwa jarida, kisha mwaka 1948 likawa pia jina la chama chake cha kudai haki za wanawake, chenye madarasa ya kusoma na kuandika. Tarehe 19 Februari 1951 aliongoza wanawake wapatao 1,500 kuingia bungeni Cairo kudai haki ya kupiga kura. Machi 1954, ilipoundwa kamati ya katiba bila mwanamke hata mmoja, aligoma kula ndani ya jengo la chama cha waandishi wa habari. Uchaguzi wa mahali hapo haukuwa wa bahati nasibu; alijiona mwandishi wa habari kwanza. Katiba ya 1956 iliwapa wanawake kura, ila kwa sharti la kujua kusoma na kuandika ambalo wanaume hawakuwekewa.

Walichokilipa

Malak alikufa mwaka 1918 kwa homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani, akiwa na miaka 31. Kabla ya hapo, mwaka 1911, alikuwa amepeleka kwenye Kongamano la Misri madai yake, yakiwamo elimu kwa wasichana, mafunzo ya udaktari kwa wanawake na mipaka kwa ndoa za mitala. Hakuruhusiwa kuyasoma mwenyewe. Aliyasoma mwanamume, na hayakukubaliwa.

May alifiwa na baba, na rafiki yake wa barua, mwandishi Jibran Khalil Jibran, na mama, mfululizo kati ya 1929 na 1932. Jamaa zake wakamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Asfuriyya, Lebanon, mwaka 1936. Kilichosaidia kumtoa ni kelele za magazeti na waandishi wenzake, Amin al-Rihani akiwa mbele. Alikufa Cairo mwaka 1941.

Durriya aligoma kula tena Februari 1957, safari hii katika ubalozi wa India, akipinga Israeli kukalia ardhi ya Misri na pia utawala wa mtu mmoja wa Gamal Abdel Nasser. Aliwekwa kizuizini nyumbani, jarida lake likafungwa, jina lake likapigwa marufuku magazetini, na wenzake wakamkana. Alikaa kimya karibu miaka 18, hadi alipoanguka kutoka roshani ya nyumba yake na kufa mwaka 1975. Mwenye gazeti hupata uhuru ambao mgeni hana, lakini mkono wa dola ukimfikia, hana ukurasa wa mtu mwingine wa kukimbilia.

Sasa chagua

Kama unaandika safu, au unafundisha vijana kuandika maoni, anza na Malak. Makala zake ni fupi, kila moja inasimama yenyewe, na utaona jinsi ya kumjibu mpinzani bila kumtukana. Pia anafaa zaidi kwa msomaji Mwislamu wa pwani, kwa sababu anazungumza kutoka ndani ya dini na desturi anazotaka zirekebishwe. Cairo ile ilitufikia pia kwa njia nyingine: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 pale Mombasa, alikuwa amesoma sana al-Manar, jarida la Kiislamu la Cairo. Ukizijua hoja za Malak, mabishano ya magazeti yetu wenyewe ya miaka hiyo yatakuwa wazi zaidi kwako.

Kama maisha yako yamegawanyika kati ya nchi mbili au tatu, nenda kwa May kwanza, na uvumilie mapambo yake. Usianze na barua zake na Jibran, ambazo ndizo watu hukimbilia. Zitakufanya umwone kama mpenzi wa mwanamume mashuhuri kabla hujamwona kama mwandishi.

Durriya ningemwacha wa mwisho kwa anayetafuta maandishi, na kumtanguliza kwa anayetafuta siasa. Nathari yake haiwafikii wale wawili. Lakini mwanaharakati anayetaka kujua jarida linavyogeuka kuwa chama, na linavyouawa, hatapata mwalimu bora.

Lugha nayo ina uamuzi. Mwenye Kiarabu cha madrasa anaweza kumfuata Malak kwa kamusi, maana sentensi zake ni za moja kwa moja; May atamtoa jasho. Asiye na Kiarabu atapata hotuba ya Malak ya 1909 kwa Kiingereza katika mkusanyo wa Margot Badran na Miriam Cooke wa mwaka 1990, pamoja na jibu la Zaynab Fawwaz. Maisha ya Durriya yameandikwa kwa Kiingereza na Cynthia Nelson, 1996.

Na ukimaliza Malak usihamie kwa May kwa kuruka. Wanawake hawa wawili walijuana na wakaandikiana hadharani magazetini, May akimsihi mwenzake aendelee kuandika. Mwaka 1920, miaka miwili baada ya mazishi, May alitoa kitabu kizima kuhusu Bahithat al-Badiya. Anamsifu, anamlinganisha na Qasim Amin, na pale asipokubaliana naye anasema wazi. Kisome hicho kabla ya kitabu kingine chochote cha May.